Dunia Iliyolala Upande

Kila mwaka hufika siku ambayo lazima niwafundishe wasichana wa kidato cha kwanza kwamba dunia imeinama. Nalibeba tufe la shule, naliweka mezani, nawaonyesha chuma kilivyolitoboa kutoka juu mpaka chini, na jinsi chuma hicho kilivyolala upande badala ya kusimama wima. Nawaambia hiyo ndiyo sababu ya majira. Wao wanaandika, na mimi masikio yananiwaka. Nimelifundisha somo hilo miaka kumi na sita na sijawahi kulimaliza bila ya kugeukia ubao na kujifanya nafuta kitu ambacho hakipo. Walimu wenzangu wanadhani nina haya ya kuzaliwa nayo. Ningezaliwa na haya ningenusurika na mengi.

Mwezi uliopita alifariki Shangazi Fatma, tukakaa matanga katika nyumba ya Kibokoni aliyoirithi kwa mamake. Siku ya tatu, baada ya khitma, wanawake tulikuwa juu ukumbini tumeyazunguka masinia ya pilau, na Bi Hidaya, jirani wa mlango wa pili ambaye sasa ni mkongwe na haoni vizuri lakini ulimi wake hauna hata mvi moja, alikuwa akiwahadithia wasichana wadogo. "Fatma kafuata nyayo za mamake," alisema. "Nyinyi hamkumdiriki Bi Zainabu. Mwaka wake wa mwisho yule alikuwa haondoki kwenye mswala. Swala juu ya swala, mpaka magoti yakamvimba. Wachamungu wa namna ile hawapo tena." Wote wakasema mashallah. "Na huyu hapa Salma ndiye aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Muulizeni." Nyuso zikanigeukia. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikasema ni kweli. Karibu na mlango alikuwa ameketi Dada Dama, ambaye zamani alifanya kazi katika nyumba ile na siku hiyo alikuja kutoka Majengo kutupa pole, kajifunga leso mbili. Alinitazama, kisha akainamia sahani yake. Tonge lile nikalirudisha ukingoni mwa sinia, jambo ambalo Bibi angenichapa kwalo.

Mwaka huo wa mwisho wa Bibi ulianza siku chache baada ya Idi ya Ramadhani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko kidato cha pili, nakaa kwa Bibi kwa sababu ambazo si za sura hii. Chumba cha Bibi kilikuwa cha nyuma, ghorofa ya kwanza: kitanda kirefu cha miguu ya kuchongwa ambacho mimi na yeye tulilala, sanduku la nguo lililonuka udi, na dirisha moja la upande wa bandari ya kale ambalo lilileta upepo na, siku za joto, harufu ya samaki. Ukuta mmoja ulikuwa na vidaka vitatu vya zamani, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, na katika kidaka cha kati palikuwa na bakuli la Kichina lenye ufa ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Chini ya vidaka hivyo, ukielekea bakuli lile, mswala wa Bibi ulikuwa umetandikwa daima. Haukukunjwa. Ulipofuliwa, mahali pake sakafuni palibaki alama mbili za miguu zilizong'aa kuliko saruji nyingine yote.

Ami Twaha, mtoto wa kiume wa Bibi, alikuwa akifanya kazi Dubai, na kila aliporudi mtu wa Mombasa alimtuma na chochote: tende, sabuni, vitambaa vya kanzu. Mwaka ule alituma boksi lenye jina langu. Ndani mlikuwa na dunia. Siwezi kuiita jina jingine, kwa maana nyumbani hatukuiita jina jingine. Ilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu, imewekwa, imelala upande kidogo, juu ya kitako cheusi cha plastiki chenye vitufe, na kalamu iliyofungwa kwa waya. Ukiigusa nchi kwa kalamu ile, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa na haraka alikutajia nchi hiyo, mji wake mkuu na idadi ya watu wake. Ukiigusa bahari, alikutajia bahari. Ulikuwepo mchezo pia: yeye anataja nchi, wewe unaitafuta, ukikosea anakwambia jaribu tena kwa sauti ya mtu anayejua kwamba utakosea tena. Ilikula betri nne kubwa, na betri zile nilikwenda kununua Makadara na kurudi mbio, nikawasha, na Bibi, aliyekuwa akila mahamri na mbaazi kitandani, akakiweka kikombe chake chini. "Yuwasema?" aliuliza. Nikamwambia yuwasema. Tangu siku hiyo akamwita Bi Dunia, na kila ulipoadhiniwa aliniambia nimfunike Bi Dunia kwa mtandio, maana si vizuri mwanamke kuzungumza watu wakiswali.

Majirani walikuja kuitazama wiki nzima. Bi Hidaya aliishika kwa vidole viwili kama anayepima nazi, akauliza kwa nini Mombasa imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko Nairobi, akatoka amekasirika. Lakini Bibi ndiye aliyeipenda kwa dhati. Hakujua kusoma herufi za Kizungu. Nilimshika kidole nikakiweka juu ya Mombasa, na kidole kingine nikakiweka juu ya Makka. Alikuwa hajawahi kwenda kuhiji, na alijua kwamba hatakwenda. Akavitazama vidole vyake viwili, kidole gumba hapa na cha shahada pale. "Kumbe ni hapa na hapa," akasema. Akakaa hivyo kwa muda, mkono wake umeishika dunia, mpaka chai ikapoa. Laiti ningeliiacha pale.

Mfungo Tatu, siku ya Arafa, tulikuwa tumefunga, redio inawasikilizisha watu dua kutoka Makka. Bibi alilia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya leso. Ningependa kuandika kwamba nilitaka kumpoza. Haikuwa hivyo. Nilitaka kumwonyesha. Nilikuwa na miezi miwili nikimshinda Bi Dunia mchezo wake, Shangazi Fatma alinisifu kwa wageni, Ami Twaha kwenye simu alisema mtoto huyu atakuwa profesa, na mimi kichwa kilikuwa kimejaa. Nikaiweka dunia sakafuni katikati ya chumba, kitako chake kikaelekea sawasawa na ukuta wa vidaka. Nikachukua uzi kwenye kopo la kushonea, ncha moja nikaibandika Mombasa kwa kipande cha plasta, ncha nyingine Makka, nikauvuta. Uzi haukuelekea vidakani. Ulilala upande, kulia, kuelekea pembe ya dirisha.

"Bibi," nikasema, "hapa unaposwalia, nani alokwambia ndiko kibla?"

"Mavyaa wangu, Bi Mwanaidi, mamake babu yako. Siku nilipoletwa bibi harusi. Alinishika mabega akanigeuza, akanambia uso wako uwe kwenye kidaka cha kati."

"Alikuwa na dira?"

"Dira ya nini? Alikuwa na mamake."

Nilicheka. Kati ya vyote vya mwaka ule, kicheko hicho bado nakisikia, kifupi, cha puani. Nikamwita aje aangalie, akainama akishikilia kitanda, nikamfuatisha uzi kwa kidole: unatoka hapa, unafika hapa, umelala huku, na wewe unaelekea kule. Alitazama uzi, akatazama bakuli lake la Kichina, akatazama pembe ya dirisha. Aliniuliza amekosea kwa kiasi gani. Nikamwambia si kidogo. Nilisema hivyo kwa sauti ile ile niliyojibia maswali darasani, sikujua bado kwamba kuna majibu ambayo mtu akishayapokea huyabeba mgongoni. Akasema, "Hebu muulize Bi Dunia."

Nikaichukua kalamu nikaigusa Makka. Yule mwanamke akasema, kwa Kiingereza chake cha haraka, Saudi Arabia, mji mkuu Riyadh, na idadi ya watu. Basi. Hakusema zaidi ya hayo, wala hakuwa na uwezo wa kusema zaidi.

"Yuwasemaje?" Bibi akauliza.

"Yuwasema ni kweli."

Mtu akiniuliza leo ni lini nilikosa, nitamwambia ni hapo. Uzi ulikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Lakini maneno yale niliyatia mimi katika kinywa cha chombo, kwa sababu niliona Bibi anasitasita na mimi sikutaka kutiliwa shaka. Jioni ile ile niliugeuza mswala kwa mikono yangu, ukakaa mshazari katikati ya chumba, pembe yake ikielekea dirishani, alama zile mbili za miguu zikabaki nje peke yake.

Mtu wa nje ya mji wetu atauliza kwa nini hakuulizwa sheikh. Msikiti ulikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, na kumtuma mtu kwa sheikh mmoja tu kungemaliza shauri kwa neno moja. Nilimuuliza Bibi hivyo, nikimwombea ashangiliwe na wengine kwa kibla kipya ili na mimi nishangiliwe. Akanikamata mkono. "Usimwambie mtu," akasema. "Hata Fatma. Alonionyesha kibla kile ni mavyaa wangu, na keshakufa. Alinilea kama mwanawe. Nikituma kuuliza, kesho baraza zote za Kibokoni zasema Bi Mwanaidi aliwapoteza watu nyumbani mwake. Maiti hana mdomo wa kujitetea. Haya nitayalipa mimi, kimyakimya." Kwetu stara ya maiti ni kubwa kuliko raha ya aliye hai, na Bibi hakuwa mtu wa kulijadili jambo kama hilo. Kwa hiyo akaanza kulipa. Tangu alipoletwa katika nyumba ile alikuwa amepitisha miaka arubaini na kidogo, na kila swala ya miaka hiyo aliiona imekwenda upande. Akiswali adhuhuri ya leo, anaikidhi adhuhuri ya zamani, na nyingine, na nyingine. Alasiri hivyo hivyo. Alijua kwamba hatazimaliza. Aliniambia atakayoyafikia atakuwa ameyafikia, na yaliyobaki atamweleza Mungu mwenyewe, kwamba alichelewa kupata habari.

Shangazi Fatma aliona mamake amezidi ibada akafurahi, akawatangazia watu. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi ya Bi Hidaya. Kuhusu mswala kukaa mshazari, Bibi alimwambia Shangazi kwamba anafuata upepo. Mimi nilikaa kitandani na vitabu vyangu nikimsikia akishuka na kuinuka, mkono ukitafuta mguu wa kitanda, na ule mguno mdogo alioutoa kila alipoinuka kutoka sijida. Mwanzo nilijisikia mkubwa. Tulikuwa na siri sisi wawili, na siri yenyewe niliigundua mimi. Alianza kuniita Mwalimu. "Mwalimu, nipa maji." "Mwalimu, nishikia bega." Kumbe cheo nilichopewa ndicho kilichonifunga mdomo baadaye.

Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, mwalimu wetu wa jiografia alileta tufe darasani. Lilikuwa kuukuu, halisemi kitu, limepigwa kiraka Australia. Akatuuliza kwa nini limelala upande. Mimi nikainua mkono kama kawaida yangu, na jibu nililotoa silikumbuki, nakumbuka tu kwamba alisema siyo. Akaeleza. Dunia imeinama kwa jua, akasema, si kwa miguu yenu. Hata hicho kitako kingetengenezwa kikasimama wima, kaskazini ingebaki kaskazini. Akaweka kidole Mombasa akakipandisha moja kwa moja kufuata mstari, akapita Ethiopia, akavuka Bahari ya Shamu, kikafika Makka, akasema tazameni, sisi tuna bahati, kutoka hapa kwenda Makka ni kaskazini tupu, hakuna kona. Nilichokipima kwa uzi wangu kilikuwa ni ulalo wa kitako cha plastiki.

Nilirudi nyumbani sikula. Dada Dama alikuwa juu ya paa anaanika nguo, nikapanda kumsaidia ili nisikae chumbani. Dama alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, wakati ule msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole lakini si mjinga. Kutoka pale juu unauona ukuta wa nyuma wa msikiti wa mtaani kwetu, na kile kitumbo cha mihrabu kilichojitokeza nje. Nilikiona tangu nizaliwe, watoto tulichezea chini yake, na haikunijia hata mara moja kwamba kitumbo kile kimejengwa na watu waliojua wanaelekea wapi. Nikatazama ukuta wa msikiti, nikatazama ukuta wa chumba cha Bibi. Zilikwenda sambamba, kama mistari miwili ya daftari. Bi Mwanaidi hakukosea hata unywele mmoja. Nikaanza kulia na shuka la maji mkononi, Dada Dama akaniuliza nina nini, nikamwambia yote, uzi, kalamu, na maneno niliyomsingizia Bi Dunia.

"Nenda sasa hivi ukamwambie," akasema. "Yule mama yuwaumia."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nitamwambia, Dada Dama. Lakini wewe usiseme. Niapie."

Hakutaka. Alisema nyumba si yake na dini si yake, akimwambia Bibi yeye ataonekana anaingilia, lakini vilevile hapendi kuapizwa. Nikamng'ang'ania mpaka akaapa. Kisha nikashuka. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, magoti yameng'aa kwa uvimbe. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, maneno matano, nimeyahesabu kwenye ngazi: Bibi, nilikosea, kibla ni vidakani. Alinitangulia. "Ndoo, Mwalimu," akasema, yaani njoo, akanipigapigia godoro nikae. "Leo nimekuombea. Nimesema, Mola, mjukuu wangu kanitoa kizani, nawe mtoe katika kila kiza." Akanibusu kichwani. Nami nikakaa, nikamkanda miguu, nikajitia hamnazo. Nilijiambia kesho. Kesho nikajiambia Ijumaa. Baada ya hapo kila siku iliyopita iliongeza kosa, maana sasa ningeulizwa siyo tu kwa nini ulikosea, bali tangu lini unajua. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka ishirini na tano, na bado sijauona mwisho wake.

Bi Dunia nilimuingiza uvunguni, nikasema betri zimekwisha. Nyumbani hakuna aliyeuliza. Mtu husahau haraka kitu kilichomshangaza. Kila adhana nilitafuta kazi ya kwenda jikoni, lakini jikoni alikuwepo Dada Dama, naye aliniangalia akikuna nazi. Nikawa sina chumba katika nyumba nzima isipokuwa choo.

Rajabu ilipoingia niliona mabadiliko kwa Bibi. Alipunguza. Aliswali swala yake ya wakati, akakaa, akavuta uradi, akamaliza. Nilifarijika kwa namna ya aibu: nikasema kachoka, au kasahau, mzee yule, na jambo litajifia lenyewe. Kulikuwa na jambo jingine nililoliona nikalipa maelezo yangu mwenyewe. Alikuwa hasimami tena sawa juu ya mswala. Mswala ulikuwa vile vile nilivyouweka, pembe dirishani, lakini yeye alisimama juu yake kishongo, mguu mmoja pembeni kabisa ya nakshi na mwingine karibu utoke nje. Nikadhani ni magoti. Na kila siku baada ya magharibi, Shangazi akiwa chini anakaanga viazi vya karai, aliniita nikae karibu naye, akazima redio, akaniuliza, "Haya, Mwalimu, una la kuniambia?" Nikadhani anataka habari za dunia, kwa kuwa Bi Dunia amenyamaza. Nikamwambia mji mkuu wa Mongolia. Nikamwambia mto mrefu kuliko yote ya Marekani ya Kusini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Na jingine?" Nikasema, "Sina, Bibi." Akaiwasha redio.

Shaabani alishikwa na homa, akalala wiki mbili, akafariki asubuhi watu wanaanza kununua vitu vya Ramadhani. Nilikuwa shuleni. Waliokwenda kumwosha walisema uso wake ulikuwa mwepesi. Wakamlaza kaburini kwa ubavu wa kulia, uso kibla, na mara hiyo waliomgeuza hawakuhitaji ushauri wangu.

Hiyo ndiyo hadithi niliyoibeba, na niliijua yote, au ndivyo nilivyoamini, mpaka siku ile ya khitma ya Shangazi. Watu walipopungua nilikwenda chumba cha nyuma. Dada Dama alinifuata. Siku hizi ni mwanamke mzito, ana wajukuu, majirani zake wanamwita Mama Kahindi, lakini kwangu ni Dada Dama na alinijibu kwa jina hilo. Kitanda hakipo, bakuli la Kichina halipo, vidaka vipo. Alama za miguu sakafuni nilizitafuta, zimefunikwa vigae. Nikamwambia, kwa sababu nilidhani anangojea, "Sikumwambia, Dada. Alikufa hajui."

Alikaa kwenye ukingo wa dirisha, akajifunga leso yake upya.

"Mimi nilimwambia," akasema.

Nikamuuliza lini.

"Mwanzo wa Rajabu. Magoti yale yalinishinda, mwanangu. Uliniapiza, nikavunja kiapo, Mungu atanihukumu yeye. Nilimwambia jikoni alipokuja kuota moto wa jiko."

"Akasemaje?"

"Alicheka kwanza. Akasema, basi mavyaa wangu hakunipoteza. Alifurahi, alishukuru sana. Kisha nikamwambia naenda kuugeuza mswala, akanikataza. Akasema tuuache pale pale ulipouweka. Tukiugeuza utajua kwamba yeye kajua."

"Kwa hivyo akiswali akielekea wapi?"

"Kwenye vidaka. Asimama juu ya mswala wako, ageuza mwili wake. Hukumuona?"

Nilimuona. Kila magharibi, mguu mmoja pembeni ya nakshi. Nilimuuliza kwa nini basi hakuniita akaniambia, hata akanichapa, ningepona kwa kuchapwa. Dada Dama alijibu kama anayekabidhi kitu alichopewa akiweke. "Alisema, nikimwambia mimi, nitakuwa nimemtahayarisha tu. Akija mwenyewe atakuwa mtu. Basi mimi kila asubuhi nikimpelekea uji namuuliza, Salma kasema? Anambia, bado, ni mtoto huyo, atasema. Kwani hakuwa akikuuliza kila siku?"

Nilikaa chini juu ya vigae. Dada Dama alikaa na mimi mpaka alasiri ikaadhiniwa, kisha akaniaga, kwa kuwa Majengo alikuwa ameacha watoto. Nilitandika mswala wa Shangazi nikaelekea kidaka cha kati, nikaswali, na katika swala yangu nzima kichwani nilikuwa na jioni moja tu.

Ilikuwa siku mbili kabla hajafa. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, tumepewa ripoti zetu, nikaja mbio kutoka shuleni nayo mkononi. Bibi alikuwa amelala chali, midomo imekauka, Dada Dama anampepea. Akafungua macho akaniona. "Haya, Mwalimu," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie, "una la kuniambia?"

"Ninalo, Bibi," nikasema.

Alimshika Dada Dama mkono. Akamwambia amwinue, amwekee mto mgongoni, amwekee na wa pili. Ilichukua muda, alikuwa akiumia, lakini alitaka kuketi. Akajirekebisha mtandio. Akaniwekea macho yake yote mawili, uso wake umefunguka vile sikuwa nimeuona tangu Mfungo Tatu, akasema, "Sema, mwanangu. Nakusikia."

Nikamwambia, "Nimekuwa wa kwanza jiografia."

Alinitazama kidogo zaidi. Kisha akasema, "Hongera, mwanangu," akamwomba Dada Dama aondoe mito amlaze.